Hamsini na mbili toa ishirini na saba

Binti wa dada yangu yuko Darasa la Nne. Jioni moja alinisogezea daftari lake la Hisabati akiwa ameinamisha kichwa. Ukurasa mzima ulikuwa wino mwekundu: hesabu kumi za kutoa, kapata vema moja. Nikazisoma moja moja.

52 − 27 = 35. 81 − 46 = 45. 63 − 38 = 35.

Iliyopigiwa vema ilikuwa 78 − 35 = 43. Nikamwomba anifanyie ile ya kwanza tena, taratibu, huku akisema kwa sauti.

“Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano, Mjomba.”

“Mbona umeanza na saba, na saba iko chini?”

“Kubwa haitoki kwenye ndogo. Tulifundishwa hivyo.”

Ni kweli, alifundishwa hivyo, na alipokuwa Darasa la Kwanza sentensi ile ilimsaidia. Kwenye kopo lenye visoda viwili hutoi visoda saba. Mtoto akaichukua kama sheria akaitumia kwa uaminifu katika kila hesabu, ndiyo maana makosa yake tisa yote yalifuata njia moja. Hakuwa akibahatisha wala hakuwa mvivu. Alikuwa na kanuni kamili, ila ya kwake, na ilimpa jibu sahihi pale tu tarakimu za juu zilipokuwa kubwa kuliko za chini.

Nikafunga daftari. “Ukienda dukani kwa Mangi na shilingi 5,200, ukachukua vitu vya 2,700, anakurudishia ngapi?”

Hakufikiri hata sekunde tano. “Elfu mbili na mia tano.”

“Umejuaje?”

“Elfu mbili na mia saba mpaka elfu tatu ni mia tatu. Mpaka elfu tano, elfu mbili. Halafu kuna ile mia mbili.”

Ni hesabu ileile, iliyozidishwa kwa mia moja. Dukani anaiweza, tena kwa njia nzuri kuliko ya daftari. Tunaposema watoto wetu “hawajui hesabu”, mimi huwa nauliza: hesabu ipi, na wapi?

Swali hilo limefanyiwa utafiti. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake wawili walichapisha kazi waliyoifanya Recife, Brazil, pamoja na watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni. Watafiti walinunua kwao kama wateja wa kawaida, na watoto wakapatia hesabu za bei na chenji kwa asilimia 98. Baadaye hesabu zilezile zikaandikwa kwenye karatasi kama za shuleni, wakapatia asilimia 37 tu. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja cruzeiro 35. Akasema nazi tatu ni 105, tatu nyingine zinafika 210, bado nne. Akafika 315, kisha 350. Hakutumia ile kanuni ya shuleni kwamba kuzidisha kwa kumi ni kuongeza sifuri. Alijua thamani ya nazi tatu, kwa sababu wateja hununua tatu tatu, akaijenga bei kuanzia hapo.

Nisieleweke vibaya. Hesabu za sokoni hazitoshi. Duka halitakufundisha namba hasi, halitakupa mlinganyo wala eneo la duara, na fundi anayejua kupiga ngazi kwa macho bado anahitaji pembe zake ziandikike kwenye ramani. Shule lazima ipande juu kuliko soko. Shida ni pale inapopanda bila kuweka ngazi kati ya kile mtoto anachokijua na kile kilichoandikwa ubaoni.

Ngazi yenyewe inajulikana. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza kwamba tunalishika jambo kwanza kwa mikono, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Singapore ililijenga somo lake la Hisabati la shule za msingi juu ya wazo hilo kuanzia miaka ya 1980. Kwetu vifaa vipo ndani ya nyumba. Nilichomoa vijiti kwenye ufagio wa chelewa, tukavivunja vipande vifupi, tukafunga mafungu ya kumi kumi kwa mpira. Mafungu matano na vijiti viwili ndiyo 52. “Sasa nitolee saba.” Akaviangalia vile viwili, akaangalia mafungu, akaguna, kisha akafungua fungu moja mwenyewe. Sikuwa nimesema kitu.

Kitendo hicho cha kufungua fungu tumezoea kukiita “kukopa kwa jirani”. Mimi ninalilaumu neno hilo. Mkopo hulipwa, na kwenye hesabu hakuna kinacholipwa. Mtoto mwerevu atajiuliza kile kimoja kilichokopwa kitarudishwa lini. Pia anaambiwa amekopa “moja”, ilhali kilichovuka ni kumi. Mtaani tuna neno lililo sahihi zaidi: kuchenji. Noti ya elfu kumi ukiichenji inakuwa noti kumi za elfu moja. Thamani haikupungua, imebadilika sura tu. Makumi matano na mamoja mawili yakawa makumi manne na mamoja kumi na mawili. Hakuna deni.

Lipo jambo lingine hapa ambalo wazungumzaji wa Kiswahili hatulioni kwa sababu tumelizoea. Tunapotaja kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, lugha inaeleza namba ilivyojengwa: kumi, na nyingine juu yake. Mtoto akisikia tu, ameelewa. Kisha tunafika ishirini, na lugha inanyamaza. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini tumevichukua kutoka Kiarabu, na ndani yake mtoto hasikii mbili, tatu, nne wala tano. Neno “hamsini” halifanani kwa sauti na neno “tano” hata kidogo. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bukavu husema makumi mbili, makumi tatu, na humo mtoto anaisikia nafasi ya tarakimu kila anapohesabu. Kinyarwanda vilevile, ishirini ni makumyabiri. Hata Kiswahili cha zamani kilikuwa na namba zake za Kibantu: sita iliitwa tandatu, tisa ikaitwa kenda, na saba, fungate, imebaki kwenye siku za maharusi.

Sisemi turudi nyuma tuanze kusema makumi matano na mawili dukani. Nasema mwalimu wa madarasa ya chini aliseme darasani, kwa makusudi, kwa mwaka mzima: “Hamsini, yaani makumi matano.” Ni sentensi fupi isiyohitaji bajeti. Mtoto anayesikia makumi ndani ya hamsini hawezi kuiona 52 kama tano na mbili zilizokaa jirani kwa bahati, na ndivyo binti yetu alivyokuwa akiziona.

Masomo mengi yanakusamehe ukikosa wiki mbili. Ukikosa mada ya mito katika Jiografia, unaweza kuanza na milima. Hisabati haisamehi. Asiyeielewa nafasi ya tarakimu atayumba kwenye kutoa, atayumba zaidi kwenye kugawanya, na akifika desimali atakuambia 0.25 ni kubwa kuliko 0.3 kwa kuwa ishirini na tano ni nyingi kuliko tatu. Asiyejua sehemu atajumlisha nusu na theluthi apate mbili ya tano: juu na juu, chini na chini. Ukimpa chapati aikate ataona mwenyewe kwamba mbili ya tano ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, kwa hiyo haiwezi kuwa jibu la kujumlisha. Asipopewa chapati, anafika kwenye aljebra na nyufa zote hizo, na hapo tunasema hana kipaji.

Matokeo tunayaona kila mwaka. Tanzania, kwa miaka mingi, kati ya watahiniwa watano wa Kidato cha Nne ni takribani mmoja tu aliyekuwa akifaulu Hisabati. Na nyufa zinaonekana mapema. Tathmini zinazoitwa Uwezo, zilizoanza Kenya, Tanzania na Uganda mwishoni mwa muongo wa 2000, ziliwapelekea watoto nyumbani kwao maswali ya kiwango cha Darasa la Pili, na zikakuta wengi wa madarasa ya juu yake hawayawezi. Mtoto amepanda madarasa, hesabu zake zimebaki chini.

Kwa hiyo mtu mwema atasema: tuwape vitabu. Busia, magharibi mwa Kenya, hilo lilipimwa. Katika miaka ya 1990 shule zilizochaguliwa kwa kura zilipewa vitabu vya kiada, nyingine zikasubiri, kisha mchumi Michael Kremer na wenzake wakalinganisha. Alama za mwanafunzi wa kawaida hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa kule ni lugha ya tatu, na vilikuwa vya kiwango cha juu kuliko walipo. Kitabu kilifika mezani, lakini hakikumfikia msomaji.

Baadaye, magharibi hukohuko, Kremer, Esther Duflo na Pascaline Dupas walifuatilia shule zaidi ya 100 zilizopata mwalimu wa ziada wa Darasa la Kwanza. Katika nusu ya shule hizo, watoto waligawanywa kwenye vyumba viwili kulingana na kiwango chao. Katika nyingine waligawanywa kwa kura. Kwenye shule zilizogawa kwa kiwango, walioanza juu walifaidika, na walioanza chini nao walifaidika, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha watoto waliokuwa mbele yake, si wale ambao mtaala unadhani wapo. Nchini India shirika la Pratham lilikuwa limekwenda mbali zaidi: kwa saa chache kila siku, watoto wa madarasa ya juu ya msingi wanapangwa kwa kile wanachokiweza, siyo kwa umri, na wanahama kundi mara tu wanapopiga hatua. Neno “wanahama” ndilo la kushikwa. Kundi ambalo mtoto hawezi kutoka si msaada tena, ni jina baya atakaloishi nalo.

Kwenye shule zetu za serikali, Tanzania, kuna ukuta mwingine katikati ya njia. Mtoto amejifunza kwa Kiswahili miaka yote ya msingi: kigawe kidogo cha shirika, nusu kipenyo, mzingo, pembe mraba. Anaingia Kidato cha Kwanza na kila kitu kinabadilishwa jina kwa Kiingereza, wiki ileile anayokutana na aljebra. Mambo mawili magumu yanamwangukia kwa pamoja, na akikosea hakuna anayeweza kujua kwa haraka lipi limemwangusha. Nimewaona vijana wakikwama kwenye hesabu za mafumbo, na ukiwatafsiria swali wanalimaliza kwa mistari mitatu.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu na una heshima yake, sitaumaliza hapa. Lakini mwalimu wa kesho asubuhi hasubiri sera. Anaweza kutumia utajiri ambao Kiswahili kinao. Chukua alama ya sawasawa. Waandikie watoto 8 + 4 = ☐ + 5, uone. Wengi wataandika 12 kwenye kisanduku, wengine 17. Wamezoea kwamba alama hiyo maana yake ni “haya, toa jibu”. Kumbe maana yake ni kwamba upande huu na ule una uzito mmoja, kama mizani ya muuza dagaa ikitulia. Jibu ni 7. Asiyelijua hili hawezi kuelewa kwa nini katika aljebra ukitoa tatu upande mmoja lazima utoe tatu na upande wa pili. Ataimba kwamba “namba ikivuka inageuka alama” bila kujua inavuka nini. Na neno letu lenyewe limebeba maelezo: mlinganyo, vitu vilivyolingana. Litamkwe hilo kwanza, lieleweke, ndipo jina la Kiingereza lije juu ya kitu ambacho tayari kipo kichwani.

Lakini haya yote yanategemea jambo moja, nalo ni mtoto kuthubutu kusema anachofikiri.

Mwaka 1963 kijana mmoja wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Jina lake Erasto Mpemba. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Akaenda na swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, akalirudia, na mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kijana akikosea kusoma jedwali la logi aliambiwa, “Hiyo ni hisabati ya Mpemba.” Darasa zima likalidaka neno. Kila alipokosea chochote, walimwimbia.

Siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alitembelea shule ile. Mpemba akasimama akauliza swali lake tena, wenzake wakicheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni, swali likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanalijadili hadi leo kwa jina la huyo kijana.

Tunaisimulia hadithi hii kwa fahari, na inastahili. Mimi hubaki nimekwama kwenye ule wimbo wa darasani. Wangapi walinyamaza baada ya kuusikia mara ya kwanza? Mpemba alikuwa na moyo wa kipekee, na elimu haiwezi kutegemea watoto wenye mioyo ya kipekee. Ukiongeza fimbo kwa kila hesabu iliyokosewa, kama nilivyochapwa mimi, unapata mtoto anayetumia akili yake yote kulinda mgongo. Hofu inachukua nafasi kichwani, na hesabu inayohitaji kushikilia namba tatu kwa pamoja inakosa pa kukaa.

Walimu wa Japani wana desturi ambayo naipenda. Kipindi kizima kinaweza kuwa swali moja. Watoto wanahangaika nalo, mwalimu anazunguka kati ya madawati akitazama madaftari, hasahihishi; anachagua njia tatu au nne atakazoziita ubaoni, na mara nyingi mojawapo ni njia yenye kosa. Ubao haufutwi mpaka kipindi kiishe, ili darasa lione safari nzima. Na walimu wenyewe huandaa somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanakaa nyuma wakiwatazama watoto, kisha wanalijadili somo. Zambia ilianza kulitumia hilo katikati ya muongo wa 2000. Kenya ilikuwa imeanza mradi wake wa SMASSE mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, kuwafunza upya walimu wa Hisabati na sayansi wa sekondari waache kuongea peke yao.

Najua atakachosema mwalimu wa kwetu: darasa langu lina watoto themanini, madawati ishirini, nizunguke wapi? Ana haki. Mwalimu huyo anahitaji wenzake na vyumba, na hakuna mbinu inayofidia hilo. Ila swali la “Mmeelewa?” linalojibiwa na “Ndiyooo!” ya sauti themanini halimwambii kitu. Aandike ubaoni majibu matatu ya 52 − 27: la kwanza 35, la pili 25, la tatu 79. Kila mtoto aonyeshe kifuani vidole vya jibu lake, macho yakiwa mbele. Kwa nusu dakika mwalimu ameona wangapi wanatoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo na wangapi wamejumlisha. Kila jibu la kosa limechaguliwa kwa kuwa lina sababu yake. Halafu aseme, “Nani anaweza kutueleza aliyepata 35 alifikirije?” Siyo nani amepata, alifikirije.

Wapo wanaodhani mafundisho ya namna hii yanafuta kukariri tebo. Hapana. Saba mara nane lazima itoke kama jina lako linavyotoka, vinginevyo kila hesabu ndefu itakuchosha kabla hujafika katikati. Kinachoniuma ni tebo kuimbwa na mtoto ambaye hajawahi kupanga visoda mistari saba yenye vinane vinane, akaona kwamba ukigeuza pembeni ni mistari minane yenye visaba visaba. Akishaona hilo, nusu ya tebo amejifunza bure.

Binti yetu alizirudia zile hesabu tisa kwa vijiti vya chelewa, kisha kwa kuchora mafungu, kisha kwa tarakimu peke yake. Akapata nane, ya tisa alijisahau akaisahihisha mwenyewe. Nikamwandikia mpya: 403 − 178. Akaanza upande wa kulia, tatu toa nane, akataka kuchenji kwenye makumi, akakuta sifuri. Kalamu ikasimama.

“Mjomba, hapa hakuna fungu la kufungua.”

“Kabisa?”

Akatazama ile nne kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka kwenda kuutafuta ufagio, akiniambia kwamba safari hii tutahitaji fungu la mia.